Uzi: Nyama ya jicho iliyorudi baada ya kukatwa – faili iandikwe vipi, na msimbo uwe upi?

KaraniWaFaili (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni afisa wa rekodi za afya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimba, yaani kuyapa misimbo, magonjwa yanayotoka kliniki ya macho. Ukanda huu wetu wa ziwa, pamoja na jua lake la ikweta, vumbi na mng'ao wa maji, hauishiwi na wagonjwa wa pterijiamu, ile tishu inayoota juu ya jicho ambayo wenyewe huiita nyama ya jicho. Huja wavuvi wa Dunga na Usenge, wakata miwa wa Muhoroni, waendesha bodaboda na watu wa mashamba ya mpunga ya Ahero. Wengi hukatwa nyama hiyo wakapona, lakini wako ambao baada ya miezi kadhaa hurudi wakiwa nayo tena.

Ugonjwa wenyewe nawaachia madaktari. Kinachonitatiza mimi ni maandishi. Faili ikinifikia, mara nyingi nakuta mstari mmoja tu: "Nyama imerudi, apangiwe upasuaji." Haisemwi ni jicho lipi, ilikatwa lini, ilikatwa wapi, wala kwa njia ipi. Katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, pterijiamu yote iko chini ya H11.0, iwe mpya au iliyorudi, iwe ya jicho la kulia au la kushoto. Kwa sababu hiyo mwenzangu mmoja ofisini anashikilia kwamba hatuna haja ya kumsumbua daktari, maana msimbo hautabadilika hata akiandika ukurasa mzima. Mwingine ameanza kuandika H11.061 aliyoiona mtandaoni, na anaisifu kwamba inasema kila kitu kwa mpigo mmoja.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Je, H11.061 inaruhusiwa kwetu? Na kama hairuhusiwi, taarifa kwamba nyama hii imerudi tuihifadhi wapi ili isipotee?

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Ndugu Karani, msimbo huo ni halali, ila una nchi yake. Mimi niko Nakuru lakini nasimba faili za kliniki za macho za Marekani, kwa hiyo nautumia mara kwa mara. Unatoka katika ICD-10-CM, toleo ambalo Wamarekani walilitanua kwa matumizi yao wenyewe na kuanza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Wao waliichukua H11.0 wakaigawa: H11.01 ni ya aina ya amiloidi (yenye protini iliyojikusanya), H11.02 ni iliyofika katikati ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, H11.03 ni nyama mbili katika jicho moja, H11.04 ni ya pembeni iliyotulia, H11.05 ni ya pembeni inayoendelea kukua, na H11.06 ndiyo iliyorudi. Isiyoelezwa aina yake iko H11.00. Tarakimu ya sita hutaja jicho: 1 ni la kulia, 2 la kushoto, 3 yote mawili, na 9 ni pale ambapo haikuandikwa. Kwa hiyo H11.061 ni pterijiamu iliyorudi katika jicho la kulia. Hata kabla ya hapo, katika toleo lao lililotangulia, ICD-9-CM, walikuwa na 372.45 kwa ajili ya iliyorudi, kwa hiyo utengano huo kwao ni wa zamani.

Mfumo unaofuata toleo la Shirika la Afya Duniani una mambo mawili unayoweza kuufanyia msimbo huo. Huenda ukaukataa, na hapo una bahati, kwa sababu utajua. La sivyo huenda ukazikata tarakimu za mwisho ukabaki na H11.0, na wewe ukaendelea kuamini kwamba umehifadhi habari ambayo haipo popote. Mwambie mwenzako aache kuchanganya matoleo katika daftari moja, kwa maana atakayekuja kuhesabu baadaye atapata kundi dogo la wagonjwa wenye tarakimu sita na kundi kubwa lenye tarakimu nne, naye atadhani ni magonjwa mawili.

Kuhusu yule anayesema maandishi hayana haja kwa kuwa msimbo ni uleule, mimi naona ameigeuza hoja kichwa chini. Kwetu sisi tunaosimba kwa toleo la Marekani, msimbo wenyewe humbana daktari: asipotaja jicho, faili inarudishwa kwake. Kwenu msimbo haumbani mtu, kwa hiyo kisipoandikwa kwa maneno kimekwenda.

AfisaMacho (Vihiga)

Mimi ni afisa wa kliniki wa macho, na bila shaka ndimi ninayesemwa hapa pamoja na wenzangu wa kalamu fupi. Kliniki ikiwa na foleni hadi nje ya lango, mstari mmoja ndio unaopatikana. Lakini kabla hamjaendelea na misimbo, tukubaliane kwanza ni kitu gani kinachoitwa "kurudi", kwa sababu si kila wekundu unaoonekana baada ya upasuaji ni nyama iliyorudi.

Pterijiamu ni tishu yenye mishipa inayotoka kwenye konjunktiva, ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, ikavuka ukingo wa konea na kupanda juu yake. Ikikatwa, pale ilipotoka huweza kutokea mojawapo ya hali nne, na kipimo cha Prabhasawat kilichochapishwa mwaka 1997 kinazipanga vizuri. Daraja la kwanza ni jicho lisilotofautika na la kawaida. La pili ni mishipa myembamba iliyofika hadi ukingo wa konea, bila tishu ya kovu. La tatu ni tishu ya kovu yenye mishipa ambayo bado haijaivamia konea. La nne ni tishu iliyovuka ukingo na kuingia juu ya konea, na hili ndilo linalohesabiwa kuwa kurudi kwa kweli. La tatu baadhi ya wapasuaji hulitaja kama kurudi kwa konjunktiva, nalo ni la kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa hiyo anayeandika "imerudi" aongeze angalau daraja, pamoja na milimita ambazo tishu imeingia juu ya konea kutoka ukingoni. Milimita hupimwa kwa darubini ya kliniki kwa muda mfupi kuliko ule unaotumika kutafuta kalamu. Mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu, namba hizo mbili zitasema kama inakua au imetulia, ilhali neno "kubwa" halitasema lolote.

Jambo jingine linalosahauliwa ni uwezo wa kuona. Nyama ikivuta konea huleta astigimatizimu, yaani konea hupinda na kuona hufifia, na iliyorudi huweza kushikana na kovu hadi jicho likashindwa kugeuka vizuri na mgonjwa akaona vitu viwili viwili. Iandikwe 6/18 au vyovyote ilivyo, kwa kila jicho, bila miwani na kwa miwani. Hicho ndicho kinachomtenga anayehitaji upasuaji na anayetaka tu jicho lake lipendeze.

MwanafunziRekodi (Kakamega)

Shikamooni wakubwa. Mimi nasomea rekodi za afya na nina swali ambalo pengine ni la kitoto. Mgonjwa amefika kwetu mara ya kwanza, hana karatasi yoyote, lakini anasema alikatwa nyama hiyo miaka miwili iliyopita katika kambi ya macho iliyokuja sokoni kwao. Daktari ameandika "pterijiamu, jicho la kushoto" bila kuongeza neno. Je, mimi ninayesimba naweza kuihesabu kama iliyorudi kwa kutegemea maneno ya mgonjwa yaliyo kwenye ukurasa wa historia?

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Marahaba. Swali lako halina utoto wowote, na hapo ndipo wengi huteleza. Msimbaji hafanyi utambuzi wa ugonjwa. Ukiona historia inasema hivi na utambuzi unasema vile, mrudishie daktari faili kwa swali la maandishi lisilomwekea jibu mdomoni: "Historia inataja upasuaji wa awali wa jicho hili. Tafadhali eleza kama hali ya sasa ni mpya, imerudi, au ni kitu kingine." Usiandike "Tafadhali thibitisha kuwa imerudi", kwa kuwa hapo umeshaamua wewe.

Nasisitiza "kitu kingine" kwa sababu ipo pterijiamu bandia, ambayo ICD-10 yenyewe imeitoa nje ya H11.0 na kuipeleka H11.8, Wamarekani wameipa H11.81. Daktari atakueleza vizuri zaidi zinavyotofautishwa.

AfisaMacho (Vihiga)

Pterijiamu bandia ni konjunktiva iliyonata juu ya konea baada ya jeraha: chokaa, tindikali, kidonda cha konea, au dawa kali za miti zilizotiwa jichoni. Huweza kutokea upande wowote wa jicho, wakati ile ya kweli hukaa upande wa pua au wa sikio. Kipimo cha kale ni kupitisha kijiti chembamba chini ya shingo yake. Kwenye ya bandia kijiti hupenya kwa sababu imenata kichwani tu, na kwenye ya kweli hakipenyi kwa kuwa imeshikana na konea urefu wake wote. Kwa mgonjwa aliyekwisha kukatwa, kovu huvuruga dalili hizi, na ndiyo sababu karatasi ya upasuaji wa kwanza ina thamani. Mwenye kutegemea kambi ya sokoni apewe karatasi aende nayo nyumbani. Hili nawaambia hata wenzangu tunaokwenda nao kambini.

Pinguekula nayo, ile ya manjano isiyovuka ukingo wa konea, si H11.0. Iko H11.1 pamoja na kuchakaa kwingine kwa konjunktiva.

MkaguziWaMadai (Kisumu)

Nimesoma kimya hadi hapa. Nakagua madai ya bima ya matibabu, na naomba niseme yale ambayo wenye kliniki hawapendi kuyasikia.

Dai la upasuaji wa pili wa nyama ileile, jicho lilelile, likija na H11.0 peke yake, mbele yangu linafanana kabisa na dai lililoletwa mara mbili. Nina tarehe mbili, msimbo mmoja, mgonjwa mmoja. Nisipopata maandishi yanayoonyesha kwamba ya kwanza ilikatwa, ikapona, ikarudi na sasa inaathiri kuona, nitalisimamisha, na sitaomba radhi kwa hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024, watu wengi wanadhani kila kitu kimo kwenye mfumo na karatasi hazina kazi. Mfumo hauwezi kuonyesha kilichokuwa hakijaandikwa.

Na hapa nitapingana kidogo na Msimbaji wa Nakuru. Anamtaka karani amrudishie daktari kila faili yenye utata. Katika kliniki yenye mpasuaji mmoja anayezunguka kaunti tatu, faili hiyo itakaa kabatini hadi muda wa kuwasilisha dai upite. Mimi naona afadhali karani asimbe H11.0, ambayo ni kweli kwa vyovyote vile, kisha maneno ya mgonjwa yaambatishwe kama yalivyo, yakitajwa wazi kuwa ni ya mgonjwa.

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Bwana Mkaguzi, katika hilo la mwisho nakubaliana nawe kwa upande wa Kenya, maana H11.0 haisemi uongo. Kwa kazi yangu mimi siwezi kufanya hivyo, kwa sababu H11.062 na H11.052 ni madai mawili tofauti juu ya jicho moja, na kuchagua mojawapo bila daktari ni kubuni. Kila mmoja atazame sheria ya mahali faili inakokwenda.

Msimamizi wa Jukwaa

Nimeondoa picha ya jicho iliyobandikwa na mchangiaji mmoja, ambayo pembeni yake ilionekana namba ya faili ya mgonjwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Elezeni visa bila chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Endeleeni.

KaraniWaFaili (Kisumu)

Nawashukuru. Sasa nimeelewa upande wa ugonjwa. Nina wasiwasi na upande wa upasuaji wenyewe. Ripoti ya chumba cha upasuaji nayo huja fupi: "Nyama imetolewa, kipandikizi kimewekwa." Msimbaji, huko kwenu ripoti kama hiyo inatosha?

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Haitoshi, na nitaeleza kwa nini, ila mkumbuke kwamba misimbo ninayoitaja hapa ya taratibu za upasuaji ni CPT, mali ya chama cha madaktari cha Marekani, wala si ya kupeleka kwenye dai la Kisumu.

Kuondoa pterijiamu bila kipandikizi, yaani kipande cha tishu cha kufunika pengo, ni 65420. Kuiondoa pamoja na kipandikizi ni 65426. Hakuna msimbo wa tatu kwa ajili ya iliyorudi. Upasuaji wa mara ya pili, hata ukichukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya makovu, unabaki kuwa 65426. Mpasuaji akiona kazi ilizidi kwa kiasi kikubwa, kuna kiongezi 22, namba inayoambatishwa kwenye msimbo, lakini kiongezi hicho bila maelezo ya kilichofanya kazi izidi ni kujitafutia barua ya kukataliwa. Aandike kwamba kovu lilishikana na msuli unaogeuza jicho kuelekea puani, kwamba ilibidi msuli utengwe kwanza, kwamba konjunktiva ya juu ilikuwa imeshachukuliwa katika upasuaji wa kwanza na ilibidi kipandikizi kitoke kwingine. Maneno "ilikuwa ngumu" hayalipiwi.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kuvunja kazi moja vipande vipande. Kuchukua kipandikizi kutoka sehemu ya juu ya jicho hilohilo, kukishona au kukibandika kwa gundi ya fibrini, yote yamo ndani ya 65426. Ukiongeza 68320, ambao ni wa kutengeneza konjunktiva kwa kipandikizi, umetoza kitu kimoja mara mbili. Vivyo hivyo ukitumia utando wa amnioni (ule unaomzunguka mtoto tumboni) kama kipandikizi cha pterijiamu, huongezi juu yake msimbo wa kuweka utando huo.

Halafu kuna zile siku 90. Upasuaji huu kwa Wamarekani unabeba ndani yake matunzo ya siku 90, kwa hiyo ziara za kukagua jicho, kutoa nyuzi na kubadilisha matone hazitozwi kando. Ikiwa nyama itarudi ndani ya muda huo na mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji kwa jambo linalotokana na upasuaji wa kwanza, kiongezi ni 78. Ikiwa ni jicho la pili lisilohusiana, ni 79. Wanaochanganya hivi viwili ni wengi mno, na chanzo karibu kila mara ni ripoti isiyotaja jicho.

AfisaMacho (Vihiga)

Naongeza sababu ya kitabibu ya kutaja njia iliyotumika. Nyama ikikatwa na sklera, ule weupe wa jicho, kuachwa wazi, tafiti mbalimbali zimetaja kurudi kwa kiwango cha kuanzia asilimia 24 hadi 89. Kipandikizi cha konjunktiva ya mgonjwa mwenyewe, njia iliyopata nguvu baada ya Kenyon na wenzake kuieleza mwaka 1985, kimeshusha viwango hivyo sana, ingawa navyo hutofautiana kutoka mkono wa mpasuaji mmoja hadi mwingine. Nyingi ya zinazorudi hujionyesha ndani ya mwaka mmoja. Sasa nikimpokea mgonjwa ambaye yake imerudi, na sijui kama mara ya kwanza sklera iliachwa wazi, au alipewa mitomisini, dawa ya kuzuia tishu isiote tena, au alipandikizwa, nitapangaje ya pili? Mitomisini hasa iandikwe kwa nguvu ya dawa na dakika ilizokaa jichoni, kwa sababu inaweza kuifanya sklera iwe nyembamba miaka mingi baadaye, na atakayekuja kulikata jicho hilo tena anapaswa kujua.

Ila lililonifanya nirudi kwenye uzi huu ni jingine, zito zaidi ya bima. Katika sehemu yetu ya Afrika, uvimbe unaopanda ukingoni mwa konea na kufanana na pterijiamu unaweza kuwa saratani ya uso wa jicho au hatua yake ya awali. Inahusishwa na mionzi ya jua, virusi vya papiloma na VVU, na hapa kwetu inawapata hata vijana. Kwa macho tu, hata mwenye uzoefu hukosea. Kwa hiyo nyama iliyokatwa ikarudi upesi, iliyo na ukoko mweupe, yenye mishipa minene inayoilisha, au inayokua kuvuka umbo la kawaida la pembetatu, isiitwe "imerudi" tu. Swali la kwanza liwe: ile ya kwanza ilipelekwa maabara ya patholojia, inakochunguzwa tishu? Ikiwa hakuna jibu kwenye faili, hatujui kilichorudi ni kipi.

Na matibabu hayafanani. Jaribio lililofanyika hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Global Health lilionyesha kwamba matone ya fluorourasili, dawa ya saratani, baada ya kukata saratani hiyo yalishusha kurudi kwake ndani ya mwaka hadi takriban asilimia 11, wakati waliopewa matone yasiyo na dawa walifikia takriban asilimia 36. Mgonjwa aliyeandikiwa pterijiamu kimakosa hatapata matone hayo, kwa sababu hakuna atakayemfikiria.

MwanafunziRekodi (Kakamega)

Hapo ndipo sisi tutasimba nini, Daktari? Siku ya upasuaji faili inasema "pterijiamu iliyorudi, kuna shaka ya saratani, tishu imepelekwa maabara". Majibu yatakuja baada ya wiki kadhaa.

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Kwa mgonjwa wa nje, mwongozo wa ICD-10-CM uko wazi: hali iliyoandikwa kwa maneno ya shaka, kama "huenda", "inashukiwa", haisimbwi kana kwamba imethibitishwa. Husimbwa kile kinachojulikana siku hiyo. Na ikiwa dai halijatumwa, ni busara kusubiri majibu ya patholojia, kwa sababu ndiyo yatakayoamua.

KaraniWaFaili (Kisumu)

Na majibu yakishakuja, katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, saratani iliyo ndani ya ngozi ya juu tu bila kupenya ni D09.2, iliyopenya kwenye konjunktiva ni C69.0, na uvimbe usio wa saratani ni D31.0. Hizi nazifahamu kwa sababu nimezisimba. Tatizo ni kwamba majibu ya maabara hurudi kwa daktari au kwa mgonjwa, si kwa ofisi ya rekodi, na H11.0 ya siku ya upasuaji hubaki pale pale milele. Hapo ofisi yetu na kliniki inabidi tukae meza moja: karatasi ya maabara ipite kwangu kabla haijafungwa kwenye faili, ili msimbo usahihishwe na tarehe ya kusahihishwa ionekane. Kufuta cha zamani bila alama hairuhusiwi.

Kuna jambo jingine nililoliona nilipokuwa napitia daftari. Mgonjwa aliyekatwa, ambaye jicho lake ni safi na amekuja tu kukaguliwa, anaandikiwa H11.0 tena. Huyo hana pterijiamu siku hiyo. Ukaguzi baada ya upasuaji ni Z09.0, na kama amekuja kutolewa nyuzi ni Z48.0. Tukiwaandika hao wote H11.0, basi kila mtu aliyepasuliwa ataonekana kana kwamba nyama yake ilirudi mara tatu au nne, na wale ambao kweli imewarudia watamezwa humo.

MkaguziWaMadai (Kisumu)

Umenena. Hilo peke yake lingenipunguzia nusu ya maswali ninayowaandikia watu.

AfisaMacho (Vihiga)

Nimezungumza na wenzangu wa chumba cha upasuaji. Tumekubaliana kupiga muhuri wa mpira kwenye ukurasa wa upasuaji, wenye nafasi tupu za kujaza: jicho, upande wa pua au wa sikio, mpya au iliyorudi, kama imerudi, mwezi na mahali pa upasuaji uliotangulia na njia iliyotumika, milimita juu ya konea, uwezo wa kuona, kipandikizi kimetoka wapi na kimeshikizwa kwa kitu gani, dawa iliyotumika na dakika zake, tishu imepelekwa maabara au la. Mwenye haraka atajaza kwa alama. Asiyejaza, muuguzi hatatoa faili chumbani.

Wengine walipendekeza tungoje hadi ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo, ienee, kwa kuwa humo upande wa mwili unaweza kuongezwa kwenye msimbo kwa viongezi vyake, na vipo pia vya mwenendo wa ugonjwa kwa wakati. Ni kweli, lakini viongezi hivyo navyo vitajazwa kutoka kwenye maandishi yaleyale ya daktari.

MwanafunziRekodi (Kakamega)

La mwisho, wakubwa. Jicho moja lina nyama upande wa pua iliyokatwa zamani ikarudi, na sasa imeota nyingine upande wa sikio ambayo haijawahi kuguswa. Ni mbili, au ni iliyorudi?

MsimbajiWaMbali (Nakuru)

Kwa Wamarekani ningemuuliza daktari, kwa sababu H11.03 ni ya nyama mbili katika jicho moja na H11.06 ni ya iliyorudi, na hapa zote mbili zina ukweli ndani yake. Akiandika wazi kwamba ya puani imerudi na ya sikioni ni mpya, nitakuwa na msingi wa kuchagua.

KaraniWaFaili (Kisumu)

Na kwetu ni H11.0, mara moja, kwa ziara hiyo. Kwenye muhuri wa Daktari zijazwe safu mbili, moja ya puani na moja ya sikioni. Daktari, naomba nafasi hiyo ya safu ya pili iongezwe kabla muhuri haujachongwa.

AfisaMacho (Vihiga)

Itaongezwa. Fundi wa mihuri yuko Mbale, nitampelekea mchoro mpya Jumatatu.